Kibao kinasema "Kigoda, mbao". Mbao naiona, mwenyewe nani?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua watu ni wengi wanataka kusema ya barabara na bei ya mbolea lakini hili nalo lina watu wake.

Siku hizi kila nikifungua gazeti naona mjadala wa vitu vyetu vilivyoko Ujerumani, mafuvu warudishe, ngoma warudishe, mikuki warudishe, na mimi nakubali asilimia mia warudishe, tena wamechelewa. Rais wao Steinmeier alifika Songea Novemba 2023, pale kwenye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa watu walionyongwa, na mtu akishaomba msamaha basi kinachofuata ni kufungua stoo. Sawa. Ila mimi nina swali la pembeni ambalo sisikii likiulizwa. Hivi hivi vitu vilivyopo humu humu ndani, kwenye makumbusho yetu madogo madogo ya chumba kimoja viwili, ya parokia, ya wilaya, ya ukoo, ya kijiji, nani anajua ni vya nani?

Mimi ni fundi seremala hapa Iringa. Siyo msomi wa historia, nimejikuta kwenye hii ishu kwa sababu ya kazi. Niliitwa kwenye makumbusho moja ndogo, sitaji jina lake na wala siyo muhimu kwa sababu nina uhakika yako mengi ya hivyo, nitengeneze makabati ya vioo maana ya zamani yalikuwa ya paini mbovu na mchwa walishayamaliza miguu. Kazi ya kawaida tu. Sasa ukitengeneza kabati la kuonyeshea vitu lazima upime vile vitu vyenyewe, huwezi kukisia, kwa hiyo nikawa natoa kimoja kimoja, napima, narudisha, na kila kimoja kina kikaratasi chake kimechapwa kompyuta. "Kigoda. Mbao." "Ngoma. Mbao na ngozi." "Mkuki. Chuma na mbao." "Kikapu. Milulu."

Jamani. Mbao naiona. Hata mtoto wa chekechea anaona kwamba mkuki una chuma. Ningependa kujua mkuki ulikuwa wa nani, ulikwenda wapi, aliyeuleta aliuleta lini na alisema nini siku anauleta, maana huwezi kuniambia mtu alibeba mkuki wa babu yake mpaka ofisini akauweka mezani akaondoka bila kusema neno. Alisema. Hakuna aliyeandika.

Ngoja nieleze kigoda kimoja maana ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Cha miguu mitatu, kimechongwa kwenye gogo moja bila kiungo hata kimoja, ukikiona kwa juu ni kigoda cha kawaida, lakini mimi fundi kitu cha kwanza nageuza, naangalia chini. Chini ule mguu wa nyuma una ufa, ufa wa siku nyingi, na mtu aliufunga kwa waya mwembamba wa shaba nyekundu, na matundu ya kupitishia waya hayakutobolewa kwa keekee wala kwa msumari, yamechomwa kwa chuma cha moto, ndani yamekuwa meusi na kingo zake laini kabisa. Matundu manne, mawili kila upande wa ufa, yamepangwa sawa kama vile mtu alipima na rula. Hiyo kazi siyo ya dakika kumi. Mti ulikuwepo tele enzi hizo, mwenye kigoda angeweza kuchongewa kingine, lakini alitaka hiki hiki. Kwa nini? Kilikuwa cha baba yake? Alikalia siku ya kupewa madaraka? Halafu sehemu ya kukalia imelika zaidi upande wa kulia, mwenyewe alikuwa anaegemea, labda alikuwa na nyonga mbovu, labda alikuwa na mkuki mkononi, mimi sijui, na kikaratasi kinaniambia "mbao".

Hapo hapo yule kijana msimamizi, mstaarabu kweli na analipwa kidogo kuliko msaidizi wangu, ananiambia fundi, ukimaliza makabati wamesema uvipige vanishi hivi vigoda ving'ae, kuna mgeni anakuja kutoka wizarani. Nikamwambia dogo, hiyo kazi sifanyi hata kwa hela. Ule weusi unaouona juu ni moshi wa jikoni na jasho na mafuta ya watu, miaka na miaka, nikipitisha msasa na vanishi hapa utakuwa na kigoda kinachofanana na vile vya kuuza kwa watalii barabarani, na mtaalamu akija kesho na vipimo vyake hakuna kitu atapata. Akanielewa. Aliyempigia simu hakuelewa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kesho yake msaidizi wangu akaja na bibi yake, bibi ana shughuli zake mjini akaona apumzike kidogo kwenye kivuli kabla ya gari la kurudi. Nikamwambia bibi ingia ndani uone vitu vya zamani. Akaingia, yule kijana akamwamkia shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, akaanza kupita taratibu na fimbo yake. Akafika kwenye kipande cha mwanzi kilichokatwa vizuri, kikaratasi kinasema "Chombo cha kutekea maji". Hajui kusoma, akaniuliza imeandikwaje, nikamsomea. Alicheka mpaka akashika kabati. Anasema hii ni mbeta, ya kugemea ulanzi, ile pombe ya mwanzi, nani alikwenda mtoni na hii? Akatuonyesha pale inapofungwa kwenye mwanzi mchanga na namna ulanzi unavyodondokea, akasema aliyeikata hii alikuwa mtu wa mkono wa kushoto kwa sababu mkato umelala upande huu. Kijana wa makumbusho ametoa macho. Ameingia kazini ameikuta hivyo, aliyekuwepo kabla yake naye aliikuta hivyo, na wageni wanatoka Dodoma na Dar na Ulaya wanapiga picha chombo cha maji ambacho hakijawahi kuona maji.

Sasa huyo bibi ni mmoja, alipita kwa bahati, na gari lake lilikuwa linaondoka saa nane.

Mtu ataniambia fundi unakuza mambo, kikaratasi kitu gani. Haya, tuje Kalenga hapa jirani, kilomita kama 15 tu kutoka mjini. Pale kuna fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, kwenye sanduku la kioo na kila mtu Iringa anajua habari yake, Lugalo mwaka 1891 alimpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, 1894 boma la Kalenga likaanguka, na Julai 1898 akajipiga risasi asikamatwe. Kichwa kikakatwa kikapelekwa Ujerumani. Ila watu wengi wanarukaruka sehemu ya katikati, na kwangu mimi ndo sehemu yenyewe. Mwaka 1919 baada ya vita vya kwanza, mkataba wa Versailles, ule ule wa mataifa makubwa, una kifungu namba 246 kinachosema Ujerumani irudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita! Likarudi 1954. Miaka 35 yote Wajerumani wanasema hatulioni, hatujui liko wapi. Mwaka 1953 gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe Bremen kwenye makumbusho yao, akakuta mafuvu karibu 2,000 yamepangwa kwenye rafu, na hakuna lililoandikwa Mkwawa. Watu hao hao wanaosifiwa duniani kwa kuandika kila kitu! Ikabidi wachukue vipimo vya vichwa vya ndugu zake Mkwawa, watafute kwenye yale yaliyotoka Afrika Mashariki lipi linakaribiana, na wakapata moja lenye tundu la risasi. Hilo ndilo alilokabidhiwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, Juni 1954. Na mpaka leo wapo wanahistoria wanaosema hawana uhakika kama ndilo. Mimi naamini ndilo, wazee wetu walilipokea na yameisha, lakini ona shaka yote hiyo imetoka wapi, imetokana na mtu mmoja huko nyuma ambaye alipokea kitu akakiweka kwenye rafu na hakuandika mstari mmoja.

Kinyume chake nacho kipo. Septemba 2023 wale watu wa taasisi ya urithi wa utamaduni wa Prussia ya Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka sehemu zetu hizi, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania, machache ya Kenya. Mengi yalikuwa hayana hata jina. Lakini moja lilikuwa limeandikwa neno moja juu yake, "Akida". Neno moja tu. Kwa neno hilo na kumbukumbu nyingine wakafuatilia mpaka Uchagani, kwa watu wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga, aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na wenzake Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, wakapima vinasaba vya wajukuu waliopo hai, vikalingana. Familia sasa inajua babu yao yuko wapi. Kichwa cha Meli mwenyewe mpaka sasa hakijapatikana, kinatafutwa. Fikiria tofauti hiyo, mmoja ana neno mwingine hana.

Na wenzetu wa Kenya je? Vigango vya Wagiriama, zile nguzo za kuchonga wanazosimikiwa wazee wa chama chao cha Gohu wakifariki, zimeibiwa miaka mingi zikauzwa Marekani, nyingine zimeishia kwenye makumbusho za miji midogo ambako hata wenyewe hawajui wana nini. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kasimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibiwa. Miaka ikapita, huyo mama yuko kwenye mkutano kwao huko, mtu anaonyesha slaidi, anaona kigango, anasema hiki nakijua! Kimoja kilikuwa makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na 2007 vyote viwili vikapokelewa nyumbani. Ile picha ndiyo iliyovirudisha, isingekuwepo hakuna mahakama wala balozi ambaye angeweza kusema hiki ni cha mzee fulani wa kijiji fulani.

Ndo maana nauliza, tukirudishiwa ngoma 100 kesho kutoka Berlin tutaziweka wapi, kwenye kabati langu na kikaratasi cha "mbao na ngozi"? Halafu tutakuwa tumefanya nini tofauti na Bremen?

Siyo kwamba hatujui kufanya, yupo aliyefanya hapa hapa nchini. Nendeni Bujora, Kisesa, ukitoka Mwanza kwa njia ya Musoma siyo mbali. Yule padri Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma wenyewe walimwita Fumbuka, alianza kukusanya miaka ya 50 huko kwa kukaa na wazee, na mpaka leo ukienda unaelezwa hii ngoma ya utemi gani, hawa ni Bagalu na hawa Bagika, vile vikundi viwili vya ngoma, na wanashindanaje, na banda la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, mimi kama fundi wa viti lile jengo nalikubali sana. Na alianza wakati mzuri, kwa sababu uchifu ulifutwa mwaka 1963 na nchi nzima vitu vya machifu vikabaki yatima, ngoma ambazo zilikuwa na watu wake wa kuzipiga na siku zake za kupigwa ghafla hazina kazi, nyingine zikaliwa na wadudu darini, nyingine watoto wakachezea, nyingine wakauziwa wafanyabiashara wa vinyago. Kwa hiyo vingi vilivyoko kwenye makumbusho madogo leo viliingia miaka hiyo, sitini na sabini, vimeletwa na watoto wa machifu au majirani zao, na aliyekuwa kijana wa miaka ishirini wakati huo leo ana sabini au themanini na kitu. Piga hesabu mwenyewe tuna muda gani.

Na mtu asiniambie bajeti. Najua hakuna hela, nimeona taa moja kwenye chumba kizima na nimelipwa kwa awamu tatu. Lakini ninachosema hakihitaji mfadhili. Kaunta buku moja. Kalamu ya wino usiofutika. Kila kitu kipewe namba, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye kitu sehemu ya chini isiyoonekana, wataalamu huwa wanapaka kwanza tone la vanishi maalum halafu wanaandika juu yake kwa maandishi madogo sana ili siku ikitakiwa itoke bila kuumiza mbao (hiyo ndiyo vanishi pekee ninayoikubali), siyo kubandika selotepu inavyofanyika, selotepu ikikauka inaondoka na ngozi ya ngoma. Kwenye buku mbele ya namba andika kimetoka kijiji gani, kwa nani, nani alikileta, lini, kilifanya kazi gani, na kama hujui andika hatujui, usitunge. Hilo la kutunga ndilo lililozaa chombo cha maji. Halafu simu kila mtu anayo, mzee akija mrekodi, hata kwa Kihehe, hata kwa Kibena, aongee anavyotaka, utatafsiri baadaye.

Vyuo pia. Kila mwaka wanafunzi wa historia na utalii wanakuja field huku, wanapiga selfi na fuvu wanaandika ripoti ya kurasa 40 iliyojaa nukuu za vitabu. Mpeni kila mmoja vitu vitano, azunguke navyo kwa picha kwenye simu, vilabuni, misikitini, makanisani, kwenye minada, aulize. Arudi na majibu. Hiyo ndiyo field.

Najua pia kuna wenye vitu majumbani na hawataki kuvileta, na kusema ukweli siwalaumu. Mwenyewe nina randa ya babu, ya mninga, sijaipeleka popote. Mtu akipeleka kitu cha ukoo anataka akija na wajukuu wake mwaka kesho akute jina la ukoo limeandikwa pale, siyo akute kitu chake kinaitwa "Zana" na funguo za chumba ziko kwa mtu ambaye amesafiri. Anayepokea atoe hata karatasi yenye sahihi, nimepokea kutoka kwa fulani, kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Mimi nikipokea mbao za mteja kutengeneza kitanda namwandikia risiti, itakuwaje ngoma ya mtemi ipokelewe kienyeji?

Sasa ombi langu kwako mhariri, maana sikuandika kulalamika tu. Gazeti lako linafika mpaka vijijini, na lile ambalo halifiki kwa karatasi linafika kwa simu. Tenga kona ndogo kila wiki, picha moja ya kitu kimoja kutoka makumbusho ndogo yoyote, leo Iringa, wiki ijayo Songea, nyingine Bukoba, Pangani, Bujora, na swali moja chini yake, nani anakijua hiki? Watu wajibu kwa meseji, wazee wasomewe na wajukuu zao, mtakuta watu wanabishana humo wiki nzima na huko kubishana ndiko kunakotoa habari. Majibu yapelekwe kwenye makumbusho husika yaingie kwenye buku. Mimi najitolea kuanza na kile kigoda, nimeshaongea na yule kijana na ameniruhusu, picha ninazo kwenye simu, ya juu, ya pembeni, na ya chini kwenye ule waya. Tafadhali mkichapa msiikate ile ya chini, fundi aliyechoma yale matundu anaweza kuwa na mjukuu anayejua mkono wake.

Ni mimi,
Fundi seremala,
Iringa